Mwalimu Mkuu wa Shule Yenye Walimu Wanne

Serikali ya Tanzania hupanga walimu wa shule za msingi kwa kanuni ya mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na kanuni hiyo, ambayo maofisa elimu huitumia kukokotoa ikama, yaani idadi ya walimu ambayo shule inastahili kuwa nayo, huonekana ya haki mpaka inapofika katika shule yenye wanafunzi 180. Shule ya namna hiyo, ukiliacha kando darasa la awali, hustahili walimu wanne, ilhali ina madarasa saba ambayo kila moja lina muhtasari wake, vipindi vyake na mitihani yake. Mmoja wa walimu hao wanne ndiye mwalimu mkuu, na kwa kuwa shule nyingi za aina hiyo hazina karani, mhasibu wala mtunza stoo, kazi zote hizo tatu humwangukia yeye, huku watoto wa darasa la sita na la saba wakimsubiri kwa kipindi cha Hisabati.

Shule ndogo za aina hii zipo katika visiwa vya Ziwa Victoria, katika delta ya mto Rufiji ambako kijiji na kijiji hutenganishwa na maji, katika nyika za wafugaji za Ngorongoro na Simanjiro, na katika vitongoji vipya vya Katavi na Tabora ambavyo watu wamehamia kufuata ardhi na malisho. Udogo wake hautokani na uzembe wa wazazi wala wa viongozi. Hutokana na jinsi watu walivyotawanyika juu ya ardhi na umbali ambao mtoto wa miaka saba anaweza kutembea kwa miguu bila kudhurika. Hata hivyo, mjadala wa elimu nchini umetawaliwa kwa muda mrefu na mrundikano wa wanafunzi katika shule za Dar es Salaam, Mwanza na miji mingine, ambako shule moja huweza kuwa na wanafunzi maelfu, na kwa sababu hiyo kanuni, fomu na mifumo mingi ya uendeshaji imebuniwa kwa kumfikiria mwalimu mkuu wa shule kubwa. Mwenzake wa shule ndogo amepewa majukumu yaleyale bila ya watu wa kumsaidia kuyatekeleza, na ngazi ya kazi yake imepangwa kwa namna ambayo njia ya hakika ya kupanda ni kuondoka hapo alipo.

Kazi yenyewe haikuwa hivi tangu mwanzo. Wakati wa ukoloni shule nyingi za vijijini zilikuwa na madarasa manne ya kwanza tu, zikiwa na mwalimu mmoja au wawili, na aliyeziongoza alikuwa mwalimu wa darasani kwa siku nzima, ambaye uongozi wake ulihesabika kwa kitabu cha mahudhurio na kwa namna alivyoelewana na mmisionari au na utawala wa wenyeji uliomlipa. Baada ya Azimio la Arusha na waraka wa Elimu ya Kujitegemea, ambavyo vyote vilitolewa mwaka 1967, mwalimu mkuu aliongezewa shamba la shule, mifugo na miradi ya uzalishaji, kwa kuwa Mwalimu Julius Nyerere alitaka shule iwe jumuiya inayofanya kazi na kujilisha kwa sehemu, na mtu wa kuipanga kazi hiyo hakuwa mwingine ila yeye.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliisogeza tarehe ya kuwaandikisha watoto wote shuleni kutoka mwaka 1989 hadi mwaka 1977, katika kipindi hichohicho ambacho mamilioni ya wananchi walikuwa wakihamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Walimu waliohitajika hawakuwapo, kwa hiyo makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu hukohuko vijijini kwa miaka mitatu, wakisoma na kufundisha kwa wakati mmoja, na ndio ambao wananchi waliwaita walimu wa UPE, kwa kifupisho cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote. Mwalimu mkuu wa shule ndogo aligeuka kuwa mkufunzi wa walimu wake mwenyewe. Jioni shule yake ilikuwa kituo cha elimu ya watu wazima, na katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 walimu walikuwa miongoni mwa waliozisimamia zile kaya zilizokaa vikundi vikundi kuisikiliza redio na kuchimba vyoo. Heshima aliyokuwa nayo kijijini ilitokana na mambo hayo: alikuwa mwandishi wa barua za watu, msomaji wa matangazo ya serikali, msuluhishi wa ugomvi wa mipaka, na mara nyingi mtu pekee mwenye mshahara wa kila mwezi. Fedha za shule hazikumshughulisha sana, kwa kuwa vitabu, chaki na madaftari vilikuja kutoka wilayani, na viliposimama katika miaka ya shida ya uchumi ya 1980 hakuwa na mfuko wa kuvinunulia.

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, uliojulikana kwa kifupi MMEM, ndio uliobadilisha asili ya kazi hii kuliko jambo jingine lolote. Ada ilifutwa mwaka 2001, na idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ikapanda kutoka takribani milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7 mwaka 2004. Lakini pamoja na wingi huo, mpango ulileta wazo kwamba fedha zifike shuleni kwenyewe na zisimamiwe na kamati ya shule, ambayo ni chombo cha wawakilishi wa wazazi na walimu ambamo mwalimu mkuu ni katibu. Shule ilifungua akaunti benki, ikaandika mpango wake wa maendeleo, ikajenga madarasa na nyumba za walimu kwa ruzuku ya ujenzi, ikanunua vifaa kwa ruzuku ya uendeshaji, yaani fedha zinazotolewa kwa kila kichwa cha mwanafunzi. Mtu aliyefunzwa kumfundisha mtoto kusoma alijikuta anatakiwa kutofautisha hati ya malipo na hati ya madai, kuchagua mzabuni kwa nukuu tatu za bei, na kujibu hoja za mkaguzi wa hesabu. Wapo waliojifunza haraka na kujenga shule ambazo bado zimesimama, na wapo walioharibikiwa kwa kosa la kutunza risiti vibaya tu.

Hatua iliyofuata ilikuwa elimumsingi bila malipo, iliyoanza kutekelezwa Januari 2016 na kufafanuliwa na Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka huo. Tangu hapo ruzuku ya uendeshaji hutumwa moja kwa moja kutoka Hazina hadi kwenye akaunti ya shule, kwa kiwango cha shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambapo 6,000 huenda shuleni na 4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu. Shilingi 6,000 kwa mwaka ni shilingi 500 kwa mwezi. Shule yenye wanafunzi 1,200 hupata kwa hesabu hiyo shilingi 600,000 kwa mwezi, na ile yenye wanafunzi 180 hupata shilingi 90,000, ambazo zinapaswa kugawanywa kati ya utawala, ukarabati, michezo, vifaa vya kufundishia na mitihani.

Hesabu hiyo ni ya haki kwa mwanafunzi mmoja mmoja lakini si ya haki kwa shule, kwa kuwa gharama nyingi za shule hazitegemei idadi ya watoto. Ubao wa darasa la tatu huchakaa uleule, wawe watoto 25 au 90 wanaoutazama. Taarifa ya robo mwaka huchapishwa kwa bei ileile. Nauli ya kwenda makao makuu ya halmashauri na kurudi haina punguzo kwa shule ndogo, na mara nyingi ni kubwa zaidi kwa kuwa shule ndogo ndizo zilizo mbali. Kisiwani, ambako safari ya benki ni ya boti na kisha gari, sehemu kubwa ya ruzuku ya mwezi huweza kuliwa na safari ya kwenda kuitoa. Zamani pengo la aina hiyo lilizibwa na wazazi. Januari 2018, hata hivyo, Rais John Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima shuleni na kuelekeza kwamba walimu wasishike fedha za wazazi, na agizo hilo, ambalo lilikuwa na sababu nzuri kwa kuwa michango ilikuwa imegeuka kuwa ada kwa jina jingine, lilimwacha mwalimu mkuu wa kijijini akiogopa hata kuitisha kikao cha kuzungumzia uji wa watoto wa darasa la kwanza. Waraka ule wa mwaka 2016 uliwaachia wazazi jukumu la chakula cha watoto wao wa kutwa. Wazazi wengi walisikia kwamba elimu ni bure, basi. Aliyewekwa katikati ya tafsiri hizo mbili ni mwalimu mkuu.

Kisha ikaja mifumo. Mwaka 2017 ulianzishwa mfumo wa uhasibu na utoaji wa taarifa za fedha kwa vituo vya kutolea huduma, unaojulikana kwa ufupisho wa FFARS, ambao unaitaka kila shule na kila zahanati kuandika mapato na matumizi yake kwa mpangilio mmoja. Baraza la Mitihani lina mfumo wake wa kumbukumbu za wanafunzi wa shule za msingi, PReM, ambao bila ya kuujaza mtoto hawezi kuhamishwa wala kuandikishwa kwa mtihani. Tangu mwaka 2023 ununuzi wa umma hupitia katika mfumo wa kielektroniki wa NeST. Shule inapopewa fedha za kujenga darasa kwa utaratibu unaoitwa fosi akaunti, ambao maana yake ni kwamba shule hununua vifaa yenyewe na kumwajiri fundi wa kawaida badala ya kampuni ya ukandarasi, mwalimu mkuu huwa ndiye anayepokea saruji, anayehesabu nondo, anayemsaka fundi aliyepotea na anayepandisha nyaraka mtandaoni. Walimu walipogawiwa vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022, kazi hiyo ilirahisika kwa kiasi, lakini katika maeneo ambayo mtandao hupatikana kwa kupanda kilima, urahisi huo una mipaka yake.

Hakuna hata mmoja kati ya mifumo hiyo ulio mbaya kwa lengo lake, na uwazi wa fedha ulioletwa ni jambo la kuungwa mkono. Tatizo ni kwamba idadi ya taarifa haipungui kwa sababu shule ni ndogo. Mwalimu mkuu wa shule kubwa huwa na msaidizi wake, mwalimu wa taaluma, mwalimu wa stoo na kijana mmoja au wawili waliozoea kompyuta, kwa hiyo huweza kuongoza bila kushika kila kitu kwa mkono wake; mwenzake mwenye walimu watatu akiondoka siku mbili kufuata saini, huwa ameondoa robo ya nguvukazi yote ya kufundisha, na madarasa mawili huunganishwa katika chumba kimoja, au hupewa zoezi ubaoni na kiranja wa kuwanyamazisha wenzake. Kuunganisha madarasa kwenyewe si kosa, na ni mbinu halali ambayo katika nchi nyingi hufundishwa vyuoni kwa walimu wanaokwenda shule ndogo. Kosa ni kuifanya kwa dharura, bila maandalizi, na kuiona kuwa ni aibu ya kufichwa mthibiti ubora wa shule anapokuja.

Uongozi wa watu nao una sura ya pekee katika shule hizi. Kisheria mkuu wa shule ni mamlaka ya nidhamu kwa makosa mepesi ya walimu walio chini yake, na Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, hushughulikia makosa mazito. Katika shule yenye walimu wanne, anayepaswa kuandikiwa barua ya onyo huwa ni jirani wa ukuta mmoja, ambaye wanachota maji kisima kimoja na kukopeshana unga mwisho wa mwezi; barua hiyo ikiandikwa, shule huweza kuendeshwa mwaka mzima na watu wasiosemezana. Mwaka 2017 serikali iliwahamishia katika shule za msingi baadhi ya walimu wa masomo ya sanaa waliozidi sekondari, na walimu wakuu wenye cheti cha daraja la tatu A walijikuta wanawaongoza wenye shahada. Wengi wao walimudu kwa busara, kwa kumwachia mgeni taaluma na wao kubaki na kijiji. Busara hiyo haikuandikwa popote katika taarifa zao za utendaji, na hakuna aliyepandishwa daraja kwa ajili yake.

Hapo ndipo suala la maisha ya kazi linapoingia. Ualimu mkuu wa shule ya msingi nchini Tanzania ni madaraka na si daraja, yaani ni jukumu ambalo mwalimu hupewa kwa uteuzi wa halmashauri huku akiendelea kulipwa mshahara wa ngazi yake ya ualimu. Tangu mwaka wa fedha 2015/16 huongezewa posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi, na posho hiyo, tofauti na ruzuku, haitofautishi shule kubwa na ndogo, jambo ambalo ni moja ya mambo machache yanayozinufaisha shule ndogo, hata kama halikukusudiwa hivyo. Lakini uteuzi unapotenguliwa, posho hukoma, na mtu aliyeongoza kwa miaka 12 hurudi darasani kama alivyoingia, mara nyingine katika shule ileile na chini ya kijana ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kazi.

Anayetaka kupanda ana njia mbili, na zote huanzia nje ya shule yake. Ya kwanza ni ya ofisi: kutoka ualimu mkuu kwenda uafisa elimu kata, cheo ambacho zamani kiliitwa uratibu elimu kata, chenye posho ya shilingi 250,000 na tangu mwaka 2018 chenye pikipiki katika kata nyingi, na kutoka hapo kwenda ofisi ya elimu ya wilaya. Ya pili ni ya masomo: kujiendeleza, mara nyingi kwa Chuo Kikuu Huria au kwa vyuo vinavyofundisha wakati wa likizo, hadi stashahada na shahada. Mafunzo ya uongozi yenyewe yapo. Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM, wenye makao Bagamoyo na matawi Mwanza na Mbeya, umewafunza walimu wakuu kwa miongo kadhaa, na stashahada yake ya uongozi na usimamizi wa elimu inaheshimika. Wengi, hata hivyo, huteuliwa kwanza na kufunzwa baadaye, na wanaoteuliwa katika shule za mbali ndio wanaosubiri zaidi, kwa sababu hawana wa kumwachia shule. Kwa walimu wanawake, ambao ni wachache miongoni mwa walimu wakuu kuliko walivyo miongoni mwa walimu kwa ujumla, ukosefu wa nyumba ya mwalimu na umbali kutoka kwa familia hufanya uteuzi wa shule ndogo uonekane kama adhabu, na wanaoukataa huhesabiwa kuwa hawataki uongozi.

Shule shikizi zimeongeza tabaka jingine katika jambo hili. Hizi ni shule changa, mara nyingi zilizoanzishwa na wananchi wenyewe katika kitongoji cha mbali, zenye madarasa ya mwanzo tu na zinazohudumiwa kwa usajili wa shule mama. Mwaka 2021, kwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa uliotolewa kukabiliana na UVIKO-19, serikali ilijenga madarasa 15,000, na 3,000 kati ya hayo yalikuwa ya vituo shikizi, hatua ambayo ilikiri kwamba shule ndogo ni sehemu ya kudumu ya elimu ya nchi. Mwalimu mkuu wa shule mama huongoza sehemu mbili zilizotenganishwa na kilometa kadhaa za pori, na anayebaki kituoni ni mwalimu msimamizi, mara nyingi kijana wa ajira ya kwanza, ambaye hufanya kazi zote za mwalimu mkuu bila jina wala posho yake. Kituo kikisajiliwa kuwa shule kamili, kijana huyo huweza kuteuliwa kukiongoza akiwa na miaka michache tu ya kazi, akijua kila kaya ya kitongoji na asijue kufunga hesabu za mwaka. Hazina ya viongozi wa kesho imo humo, na inastahili kulelewa kuliko inavyolelewa.

Majirani wamejaribu njia nyingine. Nchini Kenya mkataba wa pamoja wa 2017–2021 kati ya Tume ya Huduma kwa Walimu na vyama vya walimu uliufanya uongozi wa shule kuwa ngazi ya kazi yenye mshahara wake, na kwa hilo Kenya iko mbele. Ruzuku yake nayo, ambayo ni shilingi za Kenya 1,420 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, huhesabu vichwa, na tangu madarasa ya sekondari msingi yalipowekwa ndani ya shule za msingi mwaka 2023, walimu wakuu wa shule ndogo za kaunti kavu wamebeba hatua mbili za elimu kwa wakati mmoja.

Marekebisho yanayohitajika Tanzania hayahitaji fedha nyingi kama yanavyohitaji hesabu nyingine. Ruzuku inaweza kuwa na sehemu mbili: kiasi cha msingi ambacho kila shule hupata kwa kuwapo kwake, na kiasi cha kichwa kinachoongezwa juu yake. Karani mmoja wa fedha anaweza kuajiriwa kwa kila kata, akazunguka shule zake kwa ratiba, na kuwarudishia walimu wakuu siku za kufundisha ambazo sasa huishia katika foleni. Miaka iliyotumika kuongoza shule ya mazingira magumu inaweza kuhesabiwa katika upandishaji wa daraja, ili anayebaki asipitwe na anayeondoka. Zaidi ya yote, ikama ya shule yenye mkondo mmoja inapaswa kufuata idadi ya madarasa na si ya wanafunzi, kwa sababu mtoto wa darasa la pili hafundishwi na wastani.

Suala hilo la mwisho lina tarehe. Mtaala ulioanza Januari 2024 unaipunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita, na mwaka 2027 wanafunzi wa darasa la sita la mtaala mpya na wa darasa la saba la mtaala wa zamani watamaliza pamoja. Shule yenye wanafunzi 180 waliogawanyika sawasawa katika madarasa saba itabaki na wanafunzi wapatao 154 katika madarasa sita, ruzuku yake itashuka kutoka shilingi 90,000 hadi takribani 77,000 kwa mwezi, na kwa kanuni ya mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 mahitaji yake yatakuwa walimu watatu na sehemu ya wa nne. Walimu wanne kwa madarasa sita wangekuwa nafuu ya kwanza ambayo shule hizi zimeipata kwa muda mrefu. Walimu watatu kwa madarasa sita, ambao mmoja wao ni mwalimu mkuu, wangekuwa nyuma ya pale walipokuwa. Wizara yenye dhamana ya serikali za mitaa, TAMISEMI, inaweza kuamua sasa ni hesabu ipi kati ya hizo mbili itatumika Januari 2028, kabla barua za uhamisho wa mwalimu wa nne hazijaandikwa.